Wavu wa Inchi Tano

Siku moja, katika somo la historia, nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi wa kidato cha pili habari za sheria zilizotungwa na serikali ya kikoloni. Mvulana mmoja, mtoto wa mvuvi, akasimama akauliza neno ambalo halikuwamo kitabuni. Alisema kwamba nyavu za baba yake mdogo zilikuwa zimetwaliwa na kuchomwa moto ufuoni juma lile, kwa kuwa macho yake yalikuwa madogo. Naye alitaka kujua ni nani aliyempa mtu mamlaka juu ya samaki ambao hakuna binadamu aliyewapanda wala kuwalisha. Wenzake walicheka, kisha wakanyamaza, maana wengi wao nyumbani kwao chungu hujazwa na ziwa, na walitambua kuwa swali lile si la mzaha. Sikuwa na jibu fupi. Nilimwahidi jibu refu, nalo ndilo hili.

Yafaa kwanza tujue jicho la wavu hupimwaje, maana habari yote imeshikana na kipimo hicho. Chukua wavu, uvute tundu moja mpaka nyuzi zake zilale pamoja, kisha pima kutoka fundo mpaka fundo linalolikabili. Inchi 5 ni kama milimita 127, yaani kupita upana wa kiganja cha mtu mzima. Wavu wa kutega, ambao watu wa pwani huujua kwa jina la jarife, husimamishwa majini usiku kama pazia. Samaki huja asiuone, akaingiza kichwa katika tundu. Akiwa mdogo hupita upande wa pili akaenda zake. Akiwa mkubwa mno kichwa hakiingii. Akiwa wa kadiri yake, mashavu hunaswa na uzi, asiweze kwenda mbele wala kurudi nyuma. Kwa hiyo wavu wa namna hii huchagua. Anayetunga sheria ya jicho la wavu kwa kweli anatunga sheria ya umri wa samaki: huyu avuliwe, na huyu aachwe akue.

Hapo kale sheria ya namna hiyo haikuwako, wala haikuhitajiwa. Ziwa Victoria ni pana, lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na sehemu ya Kenya ni ndogo sana, kama sehemu 6 katika kila 100. Zilizobaki ni za Uganda na Tanzania. Wajaluo, Wasuba, Wasamia na wenzao waliokaa kandokando ya maji hayo walivua kwa vitu walivyovipata katika nchi yao wenyewe. Walisuka migono ya vijiti. Walifunga mafunjo yakawa kama ukuta mrefu ulioelea, wakauburura kuelekea ufuoni huku wakiwazingira samaki. Na katika mito iingiayo ziwani, kama Nzoia na Yala, walijenga uzio wa miti na matete kukata mto, wakaweka migono katika mianya yake. Wajaluo waliuita uzio huo kek.

Uzio wa mtoni wastahili kutazamwa kwa makini. Ulijengwa kwa ajili ya ningu hasa, samaki ambaye hukaa ziwani lakini mvua ikinyesha na mito ikifura hupanda mtoni kwenda kutaga mayai. Msimu wa ningu ulikuwa msimu wa shibe. Lakini si kila mtu aliyeweza kuja na miti yake akajenga uzio mahali alipopenda. Mahali pa uzio palikuwa na wenyewe, palirithiwa kama shamba linavyorithiwa, na mgeni aliyetaka kutega hapo alipaswa kuomba. Hapo ndipo mamlaka ya uvuvi yalipokuwa, mkononi mwa watu waliojuana kwa majina. Kanuni yao haikusema samaki awe wa kipimo gani. Ilisema ni nani avue, wapi, na wakati gani.

Sitaki mwanafunzi anayesoma haya adhani kwamba wazee wale walikuwa wataalamu wa kuhifadhi samaki. Uzio ule uliwanasa samaki wakati uleule wa kuzaa, jambo ambalo mtaalamu wa leo angelikemea. Lakini uzio wa matete si ukuta wa mawe. Mto ukifura hupita juu yake, au huung'oa ukauchukua. Watu nao walikuwa wachache kuliko leo, zana zao zilichakaa upesi, na samaki alioza kabla hajafika mbali. Mtu alivua kitoweo cha nyumba yake, akawagawia jirani, akabadilishana na watu wa bara kwa nafaka, na ziada akaikausha juani au kwa moshi. Aliyetaka kuvua zaidi ya hapo angefanya nini na samaki hao? Mipaka ilikuwako, ingawa haikuandikwa na mtu.

Mipaka hiyo ilivunjwa na mambo mawili yaliyofuatana kwa miaka michache. Katika mwaka wa 1901 reli iliyotoka Mombasa ilifika ukingo wa ziwa, mahali ambapo leo pana mji wa Kisumu. Kisha katika mwaka wa 1905 Mnorwe mmoja jina lake Aarup alileta nyavu za kutega za kitani katika Ghuba ya Winam, ambayo siku hizo iliitwa Ghuba ya Kavirondo. Reli ilileta soko, na wavu ulileta uwezo wa kulishibisha soko hilo. Tusisahau na jambo la tatu: kodi. Serikali ilitaka kila nyumba ilipiwe kwa fedha, na fedha haiokotwi ziwani isipokuwa kwa kuuza samaki. Basi mtu ambaye baba yake alivua ili ale, yeye alivua ili ale, alipe, anunue nguo, na anunue wavu mwingine.

Samaki aliyetafutwa kuliko wote alikuwa ngege. Ni samaki mpole, alaye vijimea vidogo vidogo vielavyo majini, na nyama yake ni tamu. Mama yake huyaweka mayai kinywani mpaka yaanguliwe, na hata watoto wakitishwa hurudi kinywani mwake kujificha. Kwa ajili hiyo hatoi mayai mengi mno kama samaki wengine. Hutoa machache na kuyalinda vyema. Malezi hayo yanatosha kumkinga na adui zake wa siku zote, lakini hayamsaidii kitu mbele ya wavu. Mama akinaswa, hupotea pamoja na vyote alivyobeba.

Wavu wa kitani ulipokuwa mgeni ziwani, ulitoa ngege kwa makumi katika usiku mmoja. Miaka ishirini baadaye, katika ghuba ile ile, wavu mmoja ulikuwa hautoi hata kumi. Wavuvi waliliona jambo hilo kabla ya serikali, kwa kuwa wao ndio waliokuwa wakivuta nyavu alfajiri. Serikali nayo ilipolisikia ilituma watu kuchunguza. Mnamo 1927 na 1928 mtaalamu Mwingereza aitwaye Michael Graham, akisaidiwa na E. B. Worthington, alizunguka ziwa zima akipima samaki na nyavu, na ripoti yake ilichapishwa mwaka wa 1929. Ndiye aliyempa ngege jina lake la kitaalamu, lenye maana ya samaki afaaye kuliwa. Neno hilo lanifanya nicheke kidogo, kwa maana watu wa Winam wangaliweza kumwambia hivyo bila safari ya kutoka Ulaya.

Lakini tusimdharau. Graham alitoa mashauri mawili yenye akili. La kwanza, wavu wenye jicho dogo kuliko inchi 5 upigwe marufuku, maana wavu wa inchi 5 humnasa ngege aliyekwisha kukomaa, na ule mdogo humnasa kabla hajazaa. La pili, ziwa zima liwekewe mamlaka moja, itakayosimamia uvuvi na kuhesabu samaki wanaovuliwa, kwa kuwa samaki hajui mpaka wa Kenya wala wa Uganda. Shauri la kwanza lilikuwa rahisi, likawa sheria mwanzoni mwa miaka ya 1930 katika nchi zote tatu. La pili lilikuwa gumu, likangoja mpaka mwaka wa 1947, ilipoundwa idara ya uvuvi ya Ziwa Victoria. Mwaka huo huo kituo cha utafiti wa samaki kilianzishwa mjini Jinja. Kwa takriban miaka kumi na mitano, basi, sheria ilikuwako bila mwenye kuilinda ipasavyo. Mvuvi aliyeitii alimwona jirani akiivunja na kufaidi.

Sasa tuifikirie sheria yenyewe. Ilikuwa na haki ndani yake: mtoto asivuliwe kabla ya kuwa mzazi. Hata mfugaji asiyejua kusoma huifuata kanuni hiyo katika zizi lake. Walakini ilikuwa na kasoro ambazo, kwa maoni yangu, ndizo zilizoiua.

Kasoro moja ni kwamba ilimtazama samaki mmoja tu. Ziwani mlikuwamo pia mbiru, ndugu yake ngege, ambaye hata akiwa mzee mwili wake ni mdogo zaidi. Wavu wa inchi 5 ulimwachilia mbiru mzima kana kwamba ni mtoto. Basi mvuvi alimwona samaki aliyekomaa akipita katika matundu, akaambiwa ni kosa kumnasa, na hakuona maana yake. Sheria isiyoeleweka na mtu aliye majini usiku peke yake haina mlinzi.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Sheria ilipima jicho la wavu, haikuhesabu nyavu. Tuchukue mfano wa hesabu ya darasani. Mvuvi ana nyavu tano, na kila mmoja wampa ngege ishirini. Jumla yao ni mia. Samaki wakipungua hata kila wavu utoe wawili tu, yule yule atahitaji nyavu hamsini ili apate mia ile ile. Akiwa na fedha atazinunua, naye hatakuwa amevunja sheria hata kidogo: nyavu zote hamsini zina macho ya inchi 5. Asiye na fedha ya nyavu hamsini atafanya nini? Atapunguza jicho, maana samaki wadogo bado ni wengi. Hivyo sheria ile ile ilimwacha mwenye mali azidishe nyavu, ikamfanya maskini kuwa mhalifu. Tena haikuuliza kama samaki ni wa chungu au wa soko. Mjane aliyetega kipande kimoja cha wavu mkuukuu apate mboga ya jioni, na mfanyabiashara aliyetega safu ndefu, walipimwa kwa rula moja.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Katika miaka ya 1950 nyavu za nailoni zilianza kuchukua mahali pa zile za kitani na pamba. Nailoni haiozi upesi, haihitaji kuanikwa kila siku, na uzi wake mwembamba hauonekani majini, kwa hiyo hunasa zaidi. Mashua nyingine zikatiwa injini. Jicho likabaki inchi 5 kwa mujibu wa sheria, lakini nguvu ya wavu ilikuwa imebadilika, nayo sheria haikuwa na neno juu ya nguvu. Ngege wakazidi kupungua. Ningu nao walipatwa na msiba kwenye milango ya mito: mahali ambapo zamani kila ukoo ulikuwa na uzio wake, sasa nyavu za kutega zilikingama njiani kabla samaki hawajaingia mtoni. Hapakuwa na mwenye mahali hapo tena. Ziwa lilikuwa la serikali, na mlango wa mto ulikuwa wa yeyote aliyefika kwanza. Kufikia miaka ya 1960 uvuvi wa ningu, uliokuwa umelisha vijiji vingi vya mito ya Nyanza, ulikuwa umeanguka.

Mwaka wa 1956 Uganda na Tanganyika ziliifuta sheria ya inchi 5. Kenya iliishikilia peke yake kwa miaka mitano mingine. Hebu fikiri hali hiyo: nchi yenye sehemu 6 katika 100 za ziwa inamkataza raia wake wavu ambao mwenzake, aliye umbali wa kupiga kasia, anautumia mchana kweupe. Mwaka wa 1961 Kenya nayo iliifuta. Kwa muda mfupi samaki waliongezeka katika masoko, kwa sababu nyavu ndogo ziliwakusanya wale wadogo wote waliokuwa wameachwa wakue. Wako waliosema kwamba sheria ilikuwa upuuzi tangu mwanzo. Kisha wadogo walipokwisha, wakubwa wa kuchukua mahali pao hawakuwako.

Habari iliyofuata inajulikana zaidi, nami nitaipitia haraka. Sangara, ambaye Wajaluo humwita mbuta, aliletwa katika Ziwa Victoria kuanzia mwaka wa 1954 upande wa Uganda, na mnamo 1962 na 1963 akatiwa majini huko Kisumu. Sato wa mto Naili aliletwa katika miaka hiyo hiyo. Kwa muda mrefu sangara hakuonekana sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 akaenea ghafula, akawala fulu wa aina nyingi mno, wengine wasionekane tena mpaka leo. Mara viwanda vya kutengeneza minofu vikajengwa, na samaki wa Winam wakapandishwa ndege kwenda Ulaya. Hapo serikali zikakumbuka tena macho ya nyavu. Kipimo kilichorudishwa katika sheria kilikuwa kile kile, inchi 5, safari hii kwa ajili ya sato na sangara ambao Graham hakuwakuta ziwani. Mamlaka ya nchi tatu nayo ilifufuliwa kwa jina jipya: mkataba wa kuunda Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria ulitiwa sahihi Kisumu mwaka wa 1994, makao yake yakawekwa Jinja. Juya la kuburura ufuoni, ambalo upande wa Tanzania huitwa kokoro, lilipigwa marufuku kwa kuwa huzoa kila kitu na kuvuruga mazalio. Omena wakawekewa miezi ya kupumzika, toka Aprili hadi Julai, ili wazae.

Sasa nirudi kwa mvulana wangu na nyavu za baba yake mdogo. Aliuliza ni nani aliyetoa mamlaka. Kwa karatasi, jibu ni jepesi: Katiba ya mwaka 2010 inahesabu maziwa na mito kuwa ardhi ya umma, na Bunge lilipitisha sheria ya usimamizi wa uvuvi mwaka wa 2016. Lakini jibu hilo halikumtosha, na kusema kweli halinitoshi mimi. Mamlaka ya uzio wa kale yalikuwa na jambo ambalo rula ya inchi 5 haikuwa nalo: aliyekatazwa alimjua aliyemkataza, na wote wawili walikula samaki wa mto mmoja. Labda ndiyo sababu kanuni za mwaka 2007 zilizitambua kamati za fuo, ambazo wavuvi, wenye mashua, wachuuzi na wengine wanaopata riziki ufuoni huchagua viongozi wao na kujiwekea taratibu. Nimezitembelea fuo mbili pamoja na wanafunzi, kila mmoja akiwa na rula yake. Katika ufuo wa kwanza wavuvi walituletea nyavu zao wenyewe tuzipime, wakabishana nasi juu ya nusu inchi. Katika wa pili, mara tulipotoa rula, nyavu zote zilikuwa zimekwisha kuingizwa ndani. Nadhani wanafunzi walijifunza zaidi katika ufuo ule wa pili.

Mvulana yule alitaka pia kumwona ngege, kwa maana alikuwa amelisikia jina lake kwa nyanya yake tu. Katika ziwa kubwa hakuna atakayemwonyesha kwa urahisi. Wale wauzwao sokoni kwa jina hilo siku hizi kwa kawaida ni sato wa mto Naili. Lakini katika kaunti ya Siaya, ndani ya kinamasi cha mto Yala, liko ziwa dogo liitwalo Kanyaboli. Kati yake na Ziwa Victoria yamesimama mafunjo mengi, na maji yaliyo chini ya mafunjo hayo hayana hewa ya kumtosha sangara, kwa hiyo hakuvuka. Ngege wa asili walibaki huko, na mbiru pamoja nao, nao watu wa Kanyaboli huwavua kwa kitoweo mpaka leo. Tulikwenda mwishoni mwa muhula. Mvuvi mmoja alitutolea ngege mmoja kutoka mtumbwini, wa ukubwa wa kiganja na nusu, akamweka juu ya jani la mgomba. Mvulana akatoa rula yake.